Fundi, tuonyeshe kwanza chenye kufa

Mu Kabondo-Dianda, saa jipi inaanza kugonga chini, jibu liko tayari mbele hata fundi hajainama kuangalia: « Bwate imekufa. » Kisha inafuata hesabu, na hesabu yenyewe iko mu dola. Mwenye gari anakamata kichwa. Shofere ananyamaza, juu anajua swali lenye kufuata: nani aliiua? Hapo mambo ya garaji yanageuka mambo ya sendika. Njo sababu leo ninaandika juu ya vyuma, mimi mwenye mumezoea kusoma hapa juu ya mishahara.

Wale wenye kukaa Lubumbashi wanaweza kuzania jipi ni gari ya wakubwa. Kwetu hapana. Tangu mvua inaanza mu mwezi wa 10 mpaka mwezi wa 4, njia ya Luena na njia ya Kamina zinakuwa matope mekundu, na gari ya magurudumu mawili yenye kuvuta inabaki pale pale, watu wanaisukuma mpaka usiku. Treni ya SNCC inafika siku yenye inataka. Mama mwenye mimba mwenye muganga amesema apasuliwe, mufuko wa mahindi, pyesi za mashini, mushahara wenyewe wa watu: vyote vinapita mu Land Cruiser. Jipi moja ikilala mwezi mu garaji, kuna watu wanaisikia mu tumbo.

Sasa mambo yenye yalitokea. Sitataja kampuni wala garaji, juu sikusudi kumuaibisha mutu, na juu hadisi hii ingeweza kutokea kwa wengine kumi.

Shofere mumoja wa kampuni ndogo yenye kufanya kazi za kukodiwa na wakubwa wa mine, miaka 11 mu kazi, alileta jipi yake na malalamiko mawili. Ya kwanza: akianza kuondoka, kunapiga « ko! » chini, na akiachilia mafuta kunapiga tena. Ya pili: mu matope, hata akivuta mukono wa 4x4, paka magurudumu ya nyuma njo yanazunguka, ya mbele yanalala. Garaji ilishika gari siku mbili. Ikatoa devi ya mustari mumoja: transferi imevunjika, sababu ya kuendeshwa vibaya, dola 3 200, nusu ilipwe mbele ya kuanza kazi. Pyesi itoke Lubumbashi, ya okazio.

Mustari mumoja! Mu mustari ule mulikuwa gari, makuta, na chakula cha watoto wa mutu. Kesho yake asubuyi chefu wa shofere alimuandikia barua ya kuomba maelezo. Wenye kufanya kazi mu kampuni wanajua barua ile inaelekea wapi. Sheria ya kazi, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka wa 2002, mu artikle ya 62 inasema mwenye kazi hawezi kuvunja kontra ya muda usio na mwisho bila sababu ya kweli. Sawa. Lakini karatasi ya garaji ikisema « kuendeshwa vibaya », sababu imekwisha kupatikana, na imeandikwa na mutu mwenye kusemwa ni mujuzi. Nani atabishana na fundi?

Tulibishana. Hatukupiga kelele, tuliuliza maswali tu: transferi ilifunguliwa? Hapana. Mafuta yake yalimwagwa, yakaangaliwa? Hapana. Ni meno gani yalikatika? Kimya. « Beko na experience, banasikia tu na masikio, » mumoja wa vijana wa garaji akatujibu. Masikio ni mazuri. Mimi pia nimefanya kazi karibu na mashini na ninajua kuna wazee wenye kusikia ugonjwa wa chuma sawa vile mama anasikia ugonjwa wa mutoto. Lakini mama naye anapeleka mutoto ku labo mbele ya kununua dawa ya bei.

Tuliomba jipi ivutwe mpaka kwa muzee mumoja mwenye kujifunza kazi zamani mu atelye ya reli. Yeye hana computer, ana kriki, mbao, lampe, na uvumilivu. Na jipi za namna ile hazihitaji computer: zile Land Cruiser zenye motere 1HZ, silinda sita, litre 4,2, hazina ubongo wa umeme wa kuulizwa. Kila kitu kinaonekana kwa macho na kuguswa kwa mukono. Ninataka kueleza alichofanya, juu kila shofere na kila mwenye jipi ya namna ile anaweza kuomba kifanywe mbele ya macho yake, na kinachukua chini ya saa mbili.

Transferi ni ile bwate ya pili, nyuma ya bwate ya vitesi. Kazi yake ni kugawanya nguvu: kardani moja, kile chuma kirefu chenye kuzunguka, inaenda nyuma, ingine inaenda mbele. Muzee akaweka rulibre zote mbili za mbele ku FREE, akavuta mukono wa 4x4, akamwambia shofere atembeze gari pole pole metre kumi mu kiwanja, sisi tukiinama pembeni, mbali na magurudumu. Kardani ya mbele ilizunguka muzuri, bila kulia. Akatuuliza: « Kama transferi ilikufa, huyu anamuzungusha nani? » Kweli, kuna transferi zenye kuzunguka bila muzigo na kuruka saa muzigo unakuja. Kwa hiyo hakuishia pale. Alifungua bushoni ya chini, akapokea mafuta mu sahani nyeupe. Meno yakikatika, mafuta yanasema: unaona vipande vyenye kungaa, vingine unavishika na vidole. Mule mulikuwa ule uji mwembamba wa kijivu tu, wenye unapatikana mu kila bwate yenye imefanya kazi miaka. Mafuta yalikuwa mazee, ndiyo. Bwate ilikuwa muzima.

Basi juu ya nini magurudumu ya mbele yalikuwa yanalala? Wengi hawajui kile kifuniko cha katikati ya gurudumu la mbele, chenye maneno FREE na LOCK, kinafanya nini. Ku FREE, gurudumu linazunguka peke yake, halishikani na nguvu ya motere. Ku LOCK, linashikana. Na diferensieli ya mbele ina tabia moja ya uvivu: inapeleka muzunguko upande wenye haukatai. Kwa hiyo rulibre moja tu ikishindwa kushika, ya kushoto ama ya kuume, magurudumu yote mawili ya mbele hayavuti, hata kama ile ya pili ni mupya. Na ile taa ya 4x4 mbele ya shofere inawaka vile vile, juu taa inajua paka mukono umevutwa. Ya magurudumu haiyajui.

Muzee akainua mbele na kriki, akaweka shandeli mbili, akaziba magurudumu ya nyuma na mbao, motere imezimwa, vitesi ya kwanza imetiwa, 4x4 imevutwa, rulibre zote ku LOCK. Akazungusha gurudumu la kushoto na mukono. Kama zote mbili zinashika, la kuume lazima lizunguke kinyume. Halikusogea hata kidogo. Akatosha buloni za kifuniko cha kuume: ndani, grese imekauka, imegeuka kama udongo wa kujengea, imechanganyika na maji ya muto, na ile pete yenye kuteleza kwenda kushika ilikwama nusu ya njia. Akaisafisha na mafuta ya taa, akaipiga brosi, akatia grese mupya. Akazungusha tena. Gurudumu la kuume likazunguka kinyume. Watoto waliokuwa wanaangalia wakapiga makofi.

Ule « ko! » wa kuondoka ulikuwa mambo ingine kabisa. Ku mwisho wa kardani kuna kruazio, ule musalaba mudogo wa chuma wenye kuruhusu kardani ijikunje. Ikikosa grese, sindano za ndani zinakauka, zinaota kutu, zinatoa vumbi jekundu pembeni ya kofia zake. Shika kardani ya nyuma na mikono mbili, gari imezibwa, vitesi imetoshwa, zungusha kidogo kidogo: ukisikia inacheza paka mu musalaba, umepata mwizi wako. Kruazio mbili zilikuwa zimekufa. Pyesi, grese, mafuta mapya ya bwate na mukono wa fundi: dola 300 hazikufika. Siku ya tatu jipi ilitoka.

Sasa nitasema kitu chenye wandugu mafundi watapenda na wenye magari hawatapenda. Fundi wa garaji ile ya kwanza, sina hakika kama ni mwizi. Muangalie namna tunamulipa. Ukileta jipi, akilala chini yake saa tatu mu vumbi, akapata ni buloni moja imelegea, akaifunga, utamulipa nini? « Asante fundi, kunywa maji. » Franka elfu mbili tatu. Lakini akikuambia bwate imekufa, anapata kazi ya siku nne, anapata kidogo juu ya pyesi, mwenye duka Lubumbashi anamukumbuka, chauffeur wa camion mwenye kuleta pyesi naye anakula, na saa ingine yule wa kampuni mwenye kusaini fakture naye hakosi chake. Tumejenga kazi yenye kutafuta inalipwa sifuri, na kubadilisha inalipwa yote. Kisha tunashangaa kwa nini hakuna mwenye kutafuta.

Ku hospitali hatufanyi vile. Tunalipa fishi, tunalipa labo, mbele ya kulipa dawa. Hakuna mutu anaambia muganga: « Nitakulipa tu kama unanipasua. » Tungesema vile, mu Kabondo hakungebaki mutu mwenye tumbo bila alama ya kisu. Lakini kwa fundi tunasema vile kila siku.

Kuna na jambo la vyombo. Garaji zetu nyingi ni muti wa muembe, funguo za kuazima, na kriki moja juu ya jiwe. Vijana wa miaka 14, 15 wanaingia chini ya tani mbili za chuma zenye kushikiwa na jiwe. Wanaitwa wanafunzi, lakini hakuna kontra ya kujifunza imeandikwa, hata kama sheria ya kazi inaijua kontra ile. Kijana mwenye hajaonyeshwa namna ya kupima, atajifunza kubahatisha, na kesho atakuwa fundi mukubwa mwenye kubahatisha. INPP iko tangu mwaka wa 1964 kwa kufundisha kazi za mikono. Wakati umefika ifikirie wale wa muti wa muembe, wafundishwe siku chache tu, mu Swahili, pale pale penye wanafanya kazi, paka kupima: mafuta ya bwate, rulibre, kruazio, filtre ya mazuti yenye maji. Nusu ya magari yenye kulala mu viwanja vyetu hayahitaji zaidi ya vile, na hapa ninasema kwa macho yangu, sikuhesabu.

Wenye kampuni wananijibu: shofere pia wanaua magari. Kweli. Sitawafunika wenzangu na sheti. Kuna shofere mwenye kuacha 4x4 imevutwa na rulibre ku LOCK akitembea mbio ku lami ngumu, na ile inaumiza, juu Land Cruiser za namna hii hazina diferensieli katikati: mbele na nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawa, na mu kona haziwezi, kwa hiyo nguvu inabaki imejikunja ndani ya meno na kardani. Mu matope gurudumu linateleza, nguvu inatoka. Ku lami haitoki. Kuna mwenye kupita muto bila kupima maji, na mwenye kutia muzigo wa tani mbili mu gari ya tani moja (ijapokuwa mara mingi muzigo ule chefu mwenyewe njo aliagiza). Chuma chenye kuvunjika kwa kuendeshwa vibaya kinaonyesha alama. Basi alama ile ionyeshwe. Mutu ahukumiwe na meno yenye kukatika mu sahani, mbele ya mashahidi, asihukumiwe na sauti yenye mutu mumoja anasema alisikia.

Na ninauliza wenye kampuni swali lingine: nani alikuwa na kazi ya kutia grese mu kruazio zile? Kuna karatasi ya matengenezo mu jipi ile? Tuliitafuta. Ya mwisho ilikuwa ya miezi 14 nyuma. Shofere aliomba grese kwa mudomo mara mingi. Kwa mudomo, kwa hiyo haikuandikwa fasi. Barua ya kuomba maelezo ilipaswa kwenda ofisi ingine kabisa.

Sheria ya zamani juu ya mapatano, dekre ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka wa 1888, ingali inatumika mu inchi yetu, na artikle yake ya 33 inasema mapatano yenye kufanywa sawa ni sheria kwa wale walioyafanya. Mwenye gari na fundi wanafanya mapatano kila siku, lakini ya mudomo, na ya mudomo kila mutu anayakumbuka namna yake. Kwa hiyo kamati yetu ya sendika imepiga karatasi ya ukurasa mumoja, upande mumoja Swahili, upande mumoja Kifaransa. Fundi anaandika malalamiko ya shofere kwa maneno ya shofere mwenyewe. Anaandika alichopima na alichoona. Bei ya kutafuta inaandikwa peke yake na inalipwa hata kama hakuna pyesi itabadilishwa. Sisi tumependekeza dola 20 kwa jipi, mafundi wanne wa hapa wamekubali, wawili wanataka 30, tunaendelea kuongea. Shofere anakuwa pale saa bwate inafunguliwa. Pyesi yenye kutoshwa inarudishwa kwa mwenye gari, hata ikiwa taka. Na neno « kuendeshwa vibaya » haliandikwi bila alama kuonyeshwa kwa mashahidi wawili, mumoja achaguliwe na shofere.

Yule wa garaji ya kwanza alikataa karatasi. Alisema inamufanya kama mutu wa kushukiwa. Tulimujibu kwa heshima: shofere naye alishukiwa, bila hata karatasi. Kisha tukamuuliza kama angepokea dola 20 kwa ile siku mbili alishika jipi, hata bila kuuza transferi. Alinyamaza kidogo, akauliza kama zinalipwa kesh.

Kampuni ilirudisha barua ya maelezo bila kuiandika mu dosie, na mwenye kusaini fakture alisema sasa atataka kuona pyesi mbele ya kusaini. Ile ya grese hajatujibu bado. Tumemwandikia mara ya pili juma lililopita, tukamwekea kopi ya karatasi ya matengenezo yenye miezi 14, na tumepeleka ingine kwa inspekteri wa kazi ku Kamina. Wenye garaji, wa Kabondo, wa Luena ama wa Bukama, wenye kutaka ile karatasi ya ukurasa mumoja, waiombe kwa mujumbe wa sendika mwenye kuwa karibu nao. Hailipwi kitu.